Pointi Zangu za Gahanga

Nilianza kumwonea wivu kabla hajafungua mdomo. Mkuu wetu alimleta Jumatatu moja asubuhi, mwanamke Mtanzania wa miaka thelathini na kitu, akamzungusha ofisini kwetu Kicukiro na kumfikisha kwenye meza ya dirishani. Meza hiyo nilikuwa nimeiomba miaka minne. Kila nilipoiomba niliambiwa kwamba jua linapiga pale kwenye kioo cha kompyuta, si mahali pazuri. Yeye aliwekewa kompyuta ya vioo viwili na pazia jipya. Nikampa mkono, nikamwambia karibu dada, akajibu asante kaka, nami nikarudi kukaa mahali pangu karibu na mlango wa choo.

Kazi yetu naieleza kwa kifupi, kwa sababu hata mke wangu ilimchukua muda kuielewa. Huko juu zinazunguka setilaiti za kuangalia ardhi. Nyingine ni za Wamarekani, nyingine ni za watu wa Ulaya, na kila upande uliunda zake kwa namna yake. Zamani picha zao hazikupatana; shamba lile lile lilikuwa na rangi moja huku na rangi nyingine kule, na ukizipandanisha zinapishana. Mashirika yao ya anga yakaketi, yakakubaliana kuzinyoosha hadi za huyu zilale sawasawa juu ya za yule, na yeyote anayezitaka azichukue bure. Kwa nchi ya mawingu kama yetu, hiyo ni neema. Setilaiti moja ikipita ikakuta mawingu, nyingine inakuja baada ya siku chache, na mahindi unayafuata tangu yanapoota hadi yanapokauka.

Ila picha haijui kwamba ule ukijani ni mahindi. Lazima mtu aende kwa miguu na kifaa chake mkononi, afike kwenye shamba, aandike: hapa mahindi, hapa maharage, hapa muhogo. Sisi tunaita kuchukua pointi. Mchukua pointi nilikuwa mimi, miaka kumi na mmoja, kwenye vilima vya Masaka na Gahanga, jua na mvua. Nilizoea kuwaambia wanangu kwamba setilaiti za mataifa makubwa zinamngoja baba yao aseme neno. Mke wangu aliuliza kama hizo setilaiti zinajua pia kwamba baba yao amesahau kununua mkaa.

Dada alikuwa amesomea kuzisoma picha zenyewe. Katika mwezi wake wa kwanza aliona kwenye kioo mambo ambayo mimi niliyapita kwa miguu bila kuyaona, na mkuu akaanza kusimama nyuma ya kiti chake huku akitikisa kichwa kwa furaha. Nyuma ya kiti changu hakuwahi kusimama mtu, labda yule anayesubiri choo. Na kama hiyo haitoshi, akaomba naye awe anatoka kwenda mashambani. Tukawa tunagawana: yeyote aliye na nafasi siku hiyo anapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, anakwenda Gahanga au Masaka, na pointi za wote wawili zinaingia kwenye faili moja.

Nilitumaini mashamba yatamshinda. Haikuwa hivyo. Alisema mwaramutse, salamu yetu ya asubuhi, kwa lafudhi mbaya kabisa, na watu ambao mimi huwa wananijibu kwa kichwa tu walicheka naye na kumwita aje aketi. Siku moja alirudi kutoka Masaka na mfuko wa maparachichi aliyopewa. Akagawa ofisi nzima, na mimi akaniwekea kubwa kuliko yote. Lilikuwa parachichi zuri, halina uzi hata mmoja, na hilo ndilo lililonikera.

Mwezi wa kumi na mbili barua ikaja. Mashirika ya anga yangekutana Ulaya mwezi wa tatu, na yalitaka mtu mmoja kutoka ofisi yetu akawaeleze jinsi picha zao zinavyofanya kazi kwenye mashamba madogo kama ya kwetu, ambapo shamba la mtu linaweza kuwa dogo kuliko uwanja wa kanisa. Mtu mmoja. Mkuu akasema atamchagua baada ya wageni kuja mwezi wa kwanza kukagua kazi.

Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka tangu nilipooa. Miaka kumi na mmoja watu waliniuliza swali moja tu, pointi ziko wapi. Nilitaka nisimame mbele ya wenye setilaiti waniulize mengine. Na nilijua, kama nilivyojua jina langu, kwamba watampa yeye.

Wageni wakaja wanne, wawili wa Marekani na wawili wa Ulaya. Tukaketi chumba cha mikutano, dada akatandaza ramani ukutani kwa mashine ya kuonyeshea picha. Masaka ilikuwa safi. Picha za Wamarekani zilisema mahindi, na za Ulaya zikasema mahindi. Tulipofika Gahanga, ramani ilikuwa na vidoti vyekundu kama mtoto mwenye surua. Kila kidoti kilikuwa mahali ambapo setilaiti hizi mbili hazikubaliani. Moja inasema shamba la mahindi, nyingine inasema hapana, pale ni njia na miti.

Wageni walianza kulaumiana kwa adabu. Yule wa Marekani akasema huenda kosa ni la upande wake. Yule wa Ulaya akasema hapana, huenda ni la kwetu sisi, tutaangalia tena. Nikawatazama wakipeana nafasi ya kukosea kama watu wanaosukumiana kipande cha mwisho cha nyama, nami nilikuwa nimekaa kiti kimoja tu mbali na dada na sikuweza kumtazama usoni. Kisha bibi mmoja mwenye miwani akauliza kwa upole kama pengine tatizo haliko angani. Pointi hizi nyekundu, alizichukua nani?

Hapo nikaona mlango umefunguka. Sikuangalia orodha. Sikuhitaji kuangalia, kwa sababu wivu wangu ulikuwa umeshaniambia. Nilisema kwa Kifaransa, na nilichagua Kifaransa makusudi kwa kuwa dada hakijui vizuri.

“Hizo ni za dada. Anapima akiwa njiani, hataki kuchafua viatu.”

Mkuu alitafsiri kwa Kiingereza, akayalainisha maneno, lakini viatu vilibaki. Dada alikuwa ameshika karatasi mkononi. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi kwa muda, halafu akawaambia wageni kwamba wiki ile ile atarudi Gahanga na kuzipima upya pointi zote nyekundu, moja baada ya nyingine. Bibi wa miwani akaandika kitu kwenye daftari lake, tukaenda kunywa chai.

Siku ya pili yake mkuu aliniita, akafunga mlango, akanikabidhi barua ya safari, akaniambia nijiandae na hati ya kusafiria, ni mimi nitakayekwenda. Alisema dada ni hodari lakini bado anahitaji kukomaa. Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu ili furaha isiishe haraka.

Kwa ukarimu wa mtu aliyeshinda, nilijitolea kumsindikiza Gahanga nikamfundishe. Alikubali. Tulipanda moto mbili, tukashuka mahali ambapo mashamba na nyumba mpya za mabati zinagombania kilima, tukaanza na shamba la mama mmoja mzee. Nilimjua kwa sura. Kama mimi alikulia Burundi, akarudi utu uzima, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwetu. Alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi.

Dada akamwamkia, akaomba ruhusa, kisha akaingia shambani moja kwa moja. Alijipenyeza katikati ya mistari ya mahindi yaliyokauka hadi nikawa naona kitambaa chake cha kichwa tu. Huko katikati ndiko alikosimama na kuchukua pointi. Mimi nilibaki pale ninapobakia siku zote, kwenye njia, karibu na migomba. Mama akaacha kupukuchua.

“Ni wewe,” akasema. “Ulikuwa unasimama papo hapo kwa njia, na kile kisimu chako. Mimi naangalia, nasema, huyu mtu iko anaogopa nini kwa shamba yangu?”

“Nilikuwa naheshimu shamba, mama.”

“Yule dada iko anaingia kila mara. Anaomba, anaingia. Wewe hata kuomba hukuomba.”

Nilihisi masikio yanawaka. Nilitazama chini, nikaona nimesimama juu ya njia, nusu hatua kutoka kwenye mgomba, nimeshika kifaa kuelekea mahindi kana kwamba kifaa kinaandika kule unakokielekeza. Kifaa kinaandika pale ulipo wewe. Hilo nilikuwa ninalijua tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Picha za Wamarekani zina vipande vipana, kipande kimoja kinameza shamba zima pamoja na njia yake, kwa hiyo kwao kosa langu halikuonekana. Za Ulaya zina vipande vidogo, kama nyumba ya vyumba viwili. Zilitazama pale pale niliposimama, zikasema ukweli: njia na migomba. Masaka niliponea kwa sababu kule mahindi yanabana njia pande zote.

Ninajua niliipata wapi tabia hiyo. Tulikua Bujumbura, wakimbizi, na mama yangu alitufundisha kabla hatujajua kuhesabu kwamba tupo kwenye ardhi ya watu. Kanyaga panapokanyagwa na wengine. Ukikuta shamba, zunguka. Tukiingia kwenye maharage ya mtu, hata kufuata mpira, tulichapwa mara mbili, na mwenye shamba kisha na mama. Nimerudi nchini kwangu, nina kiwanja changu na hati yake, na bado miguu yangu inasimama pembeni. Miaka kumi na mmoja niliita hiyo heshima, na kabla picha hazijanyooshwa hivi hakuna aliyeweza kuona tofauti.

Dada alitoka shambani na makapi ya mahindi mabegani. Viatu vyake vilikuwa vimejaa udongo hadi kwenye kamba. Nilimwuliza kama alijua.

Akatoa ile karatasi mkobani, akanipa. Mbele ya kila pointi nyekundu palikuwa na herufi za mwanzo za jina la aliyeipima. Zote zilikuwa zangu.

“Mbona hukusema?”

“Wageni walikuwa wamekaa, kaka. Ningekuumbua mtu mzima mbele ya wageni?” Alikuwa akijifuta mikono kwenye sketi, hanitazami. “Nilidhani unajua. Nikasema, basi, labda atakwenda kwa mkuu mwenyewe jioni.”

Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angenitukana. Alidhani ninajua. Alidhani nimemsingizia kwa macho makavu, na bado akaninyamazia. Ningependa kusema kwamba pale pale moyo wangu ulilainika. Nilichokifikiria ni kwamba hata katika adabu, jambo pekee nililojiona nalo, huyu mwanamke amenipiku.

Tulimaliza pointi zote siku hiyo. Yeye aliingia mashambani, mimi niliandika.

Siku tatu nilizunguka na barua ya safari mfukoni. Nilijiambia kwamba kosa lilikuwa dogo na limesharekebishwa. Nilijiambia kwamba yeye bado kijana, mikutano mingine ipo. Asubuhi ya nne nikaingia kwa mkuu na ile karatasi yenye herufi zangu, nikaiweka juu ya meza yake, nikamweleza yote pamoja na habari ya viatu. Alivua miwani, akaniuliza kama nimeshamwomba dada msamaha. Nikasema bado. Akaniambia nianze na hilo, na barua niiache.

Nilimwomba msamaha kwenye meza ya dirishani, nimesimama, watu wote wakisikia. Akasema yameisha, kaka, akanivutia kiti. Nikaketi kidogo. Ni kweli kwamba jua linapiga pale kwenye kioo.

Mwezi wa tatu dada akaenda Ulaya. Siku moja kabla ya kuzungumza alinitumia kurasa zake nizikague. Kwenye ukurasa wa Gahanga aliandika majina ya waliopima, mawili, na langu akaliweka la kwanza. Nilikasirika kutwa nzima. Nilitafuta kosa katika kurasa zote ishirini, nikapata nukta moja iliyosahaulika, nikamwandikia kuhusu hiyo nukta.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya Gahanga. Msimu mpya ulikuwa umeanza na kwa yule mama maharage yalishaota, majani mawili mawili. Nikaomba ruhusa. Akasema ingia, nani amekukataza? Nikakunja suruali, nikaweka mguu kati ya mstari na mstari, polepole, huku nikimsikia mama yangu mgongoni, hadi nikafika katikati. Nikachukua pointi. Maharage.

Ilikuwa saa nne na kitu. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na kwa ratiba yetu setilaiti ilikuwa inapita. Huko Ulaya, saa hiyo hiyo, dada alikuwa amesimama mbele ya wenye setilaiti, na kilima hiki kiko ukutani nyuma yake. Najua vizuri kwamba mtu haonekani kwenye zile picha. Hata kwenye kipande kidogo kabisa yeye si kitu. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, lakini sikuondoka. Nilivua kofia, nikaangalia juu, na nikabaki nimesimama katikati ya maharage ya watu hadi yule mama akaniuliza kutoka mlangoni kama kifaa kimeharibika.

Nikamwambia hapana, bado kidogo.