Walinzi wa Shamba la Sofia

Halfani wa Naipingo alikuwa hodari wa kung'oa visiki. Miaka miwili aliifanya kazi hiyo kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, na mtu aliyezoea kung'oa hapendi kuona kitu kimeachwa. Ndiyo maana aligombana na mkewe, Sofia, ambaye kila mwaka aliacha ukanda wa majani na mawe katikati ya shamba, haulimi wala hauchomi.

"Uvivu huo, mke wangu."

"Hapo wanalala walinzi wangu," Sofia alijibu, na hakueleza zaidi, maana mume mwenyewe hakuwa na masikio.

Kiangazi cha mwaka 1951 kilipokuwa kinaisha, Sofia alifariki kwa uzazi, yeye na kichanga chake. Aliacha kibuyu cha mbegu ya mtama mwekundu, kimening'inia juu ya moshi wa jikoni. Mbegu hiyo alipewa na mama yake, Bi Mwamina wa Matambarale, siku alipoolewa. Halfani aliapa kaburini kwamba haitapotea.

Mvua zilipoanza akasafisha shamba kwa namna aliyoijua: majani akayachoma, mawe akayatupa mpakani. Akapanda kibuyu chote. Alisema moyoni kwamba Sofia angefurahi, maskini!

Mtama ukaota vizuri. Kisha asubuhi moja akakuta miche imekatwa shinani, imelala. Akafukua madonge, akaona mbawakawa weusi, wakubwa kama kokwa za tende, wanatimua mbio. Mwizi ndiye huyo! Siku tatu aliwaokota akawatia kwenye debe, akawamwagia maji ya moto. Miche ikazidi kulala.

Mtu wa kumuuliza alikuwepo, Bi Mwamina. Lakini huyo ni mkwe, na kwa desturi yao mkwe humsogelei wala humtazami usoni, sembuse kumpelekea habari za wadudu. Halfani akaona haya. Haya ni jambo jema, ila safari hii ilimponza, kwani siku zilipita na shamba likabaki udongo mtupu.

Siku ya arobaini ya marehemu, Bi Mwamina alikuja kwa miguu. Dua ilipokwisha akaenda shambani. Halfani akachuchumaa mbali, macho chini. Mama yule akachimba kwa kidole penye shina lililokatwa, akatoa kiwavi mnene wa rangi ya udongo, amejikunja.

"Sota huyu," alisema. Akapekua mpakani, chini ya mawe yaliyotupwa, mpaka akapata mbawakawa mmoja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimshika mkwewe mkono, akamwekea wadudu wote wawili kiganjani. Mbawakawa akamng'ata sota, akaanza kumla.

"Umemwona mwizi, baba? Huyu mweusi ndiye aliyekuwa akimkamata."

"Nimewaua, mama. Nimewaua wote." Halfani akalia mbele ya mkwe, hadharani.

"Basi, nyamaza. Nipe ukufi mmoja tu wa mbegu niondoke nao. Yangu iliingiwa na maji, ikaoza. Nilijua iko kwa mwanangu."

Halfani akaingia jikoni, akashusha kibuyu, akakipindua mbele yake. Hakikutoka kitu.

Tangu mwaka ule aliacha ukanda wa majani na mawe katikati ya shamba, na watu wa Naipingo wakamcheka kwamba ujane umemtia uvivu. Mwaka wa tatu mbawakawa walirudi. Mtama mwekundu haukurudi.