Picha ya Ng'ombe wa Metito

Mwalimu Semboja alichoka kuona wanafunzi wake wa kidato cha pili wakimeza kila kinachoingia kwenye simu. Walikuwa watoto waliojua kupangusa kioo kabla ya kujua kusoma. Jumamosi moja akawaruhusu waje na simu darasani, akawatumia mtego katika kundi lao la WhatsApp: picha ya ng'ombe ndani ya mahindi, na chini yake maneno aliyoandika mwenyewe, "Ng'ombe wa Metito wanamaliza shamba Misima sasa hivi."

"Kweli au uongo?"

Siamanta, binti wa Metito yule mfugaji wa Kimaasai, akaikuza picha, akacheka. "Mwalimu, hawa si wa baba. Wetu hukatwa sikio la kushoto. Hawa wamekatwa la kulia."

"Na mlima huo ni wa Mnyuzi kwa bibi yangu, si wa Misima," akadakia mwenzake, Zaidi. "Mwalimu, hapa umenoa!"

Semboja alitoka darasani amejaa furaha, asikumbuke kuifuta picha.

Zaidi, kwa utani, akamrushia mjomba wake aone kama atanasa. Mjomba akanasa, akawarushia wakulima wenzake. Hao hawakutazama masikio wala mlima. Walichukua mapanga wakaenda lamboni, ambako ng'ombe wa Metito walikuwa wanakunywa maji, wakawakata tisa mishipa ya miguu. Jioni nyama ilikuwa inauzwa kwa bei ya kutupa, na Metito akiwashikia vichwa ng'ombe wake waliosalia kuchinjwa.

Jumatatu kijiji kikakutana shuleni. Picha ilifuatwa simu hadi simu, ikaishia kwa Zaidi. Mkuu wa shule akamkabidhi Semboja fimbo. "Mwanafunzi wako, Mwalimu. Viboko kumi, wazazi waone."

"Mwalimu, waambie," Zaidi alinong'ona akilala chini. "Waambie lilikuwa somo."

Semboja aliwatazama wakulima, akamtazama Metito. Neno moja tu, na kibarua kingeota nyasi.

"Jamani," Zaidi akapaza sauti, "aliyeandika ni Mwali..."

Fimbo ikashuka kabla hajamaliza. Ikashuka tena, kwa nguvu, mpaka Zaidi akabaki na kilio tu. Darasa zima lilitazama vidole vya miguu.

Metito akaja, akamshika Semboja mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno marefu ya Kimaasai. Siamanta akatafsiri, macho yake kwenye fimbo.

"Baba anashukuru, Mwalimu. Anasema afadhali wewe umejua mwongo ni nani."