Tulivyokamatwa kwa Ajili ya Mwisho wa Kitabu cha Wajapani

Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kifaransa, mtu wa Kasai, aliyeletwa Butembo, mashariki ya Kongo, na serikali kabla ya vita. Vita vilipokuja vikamfungia huku kwetu. Upande wa kwao ulikuwa wa serikali, upande wetu ulikuwa wa waasi; barua haipiti, ndege haipiti, mshahara ndiyo kabisa. Mimi ni Munande, mtu wa hapahapa, nilikuwa nauza samaki. Lori liliwatoa Kyavinyonge, kule ziwani, mimi nikajaza beseni zangu, nikaenda sokoni. Yeye alifundisha, na jioni alilalamika juu ya vitabu, maana shuleni panya walikuwa wamesoma sarufi yote kabla ya wanafunzi.

Nilikuwa na binamu padri, yuko masomoni Ubelgiji. Mume wangu akampelekea barua kwa mkono wa wafanyabiashara waliopitia Kampala: tafadhali, tutafutie vitabu vya Kifaransa. Padri hakusema ndiyo wala hapana. Miezi ikapita, halafu masista wakatuletea katoni. Ndani hamkuwa na sarufi. Mlikuwa na vitabu vya picha vya Wajapani vilivyotafsiriwa kwa Kifaransa, ambavyo mtoto wa jirani yake kule Ulaya alitaka kuvitupa. Vilifunguliwa kwa nyuma, vikasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na hadithi ilikuwa moja tu, inatoka kitabu hiki inaingia kile. Mume wangu alivitazama kama mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa paka. Kisha akaketi asome cha kwanza, "nijue ubaya wake," akasema, na bugali ikapoa mezani.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na ndugu wawili, wana wa mhunzi, kwenye kijiji cha milimani. Siku moja mkubwa anatumwa kununua chumvi. Harudi. Mdogo anachukua nyundo ya baba yao, anaenda kumtafuta. Kuanzia hapo ni safari tu: wanyang'anyi, pepo la mtoni, mfalme kipofu, mwanamke anayefuga nyuki wa chuma. Kila kitabu anakaribia kumpata ndugu yake, na kila kitabu anafika kuchelewa kidogo.

Jumapili baada ya misa mume wangu alianza kuwasomea watoto uani, akitafsiri kwa Kiswahili chake cha Kikasai, akiinua picha juu ili wote waone. Wakaja mama zao. Ikaja kwaya, bado na sare zao. Jirani yetu, mama aliyeuza chumvi na mafuta ya mawese, akaja na kiti chake mwenyewe chenye mgongo, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Vitabu vikaendelea kufika, viwili, vitatu, kila alipopatikana msafiri. Wakati uleule waasi waliotutawala walikuwa wanagawanyika: chama kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu, kila kimoja na prezida wake na muhuri wake. Hiyo sisi hatukuweza kuifuata. Lakini ya mhunzi tuliifuata yote.

Halafu kikafika kitabu cha mwisho. Uani palijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Mume wangu akasoma pole pole. Mapigano ya mwisho yakaisha, nyumba zikaungua, yule mdogo akabaki njiani peke yake, sasa amekuwa mzee kidogo, ndevu nyeupe. Anafika kando ya ziwa. Anamwona mwanaume anachoma samaki, mke yuko, watoto wako. Ni ndugu yake. Anaanguka chini analia: "Nimekutafuta maisha yangu yote." Mkubwa anamwangalia. Anasema: "Sikupotea. Nilikuwa hapa." Anageuza samaki. Kisha anauliza: "Umeleta chumvi?" Mdogo anatikisa kichwa. Ukurasa wa mwisho, wameketi pamoja, wanakula samaki bila chumvi. Nyuma yao ziwa. Basi.

Watu wakangoja ageuze ukurasa.

"Geuza, prof," jirani akasema. "Iko ukurasa ingine."

"Hakuna, mama."

"Angalia muzuri. Labda zimeshikana."

Mume wangu akalowesha kidole, akajaribu. Hazikushikana.

Basi moto ukawaka. Jirani akasimama. "Huyu mutu alitumwa chumvi! Anaoa, anazaa batoto, anazeeka, na chumvi bado hajanunua? Tena anamuomba ule mwenye alikuwa anamutafuta!"

Mimi nikajibu, bila kufikiri kwamba najibu mbele ya watu: "Mais lakini amemupata. Iko muzima, iko anakula. Unataka nini tena?"

"Wewe unasema hivi sababu unauza samaki!"

"Na wewe sababu unauza nini?"

Mume wangu alifunga kitabu, akaingia ndani. Nilimkuta amekaa kitandani na viatu. Akaniambia: "Mimi iko na kaka kule kwetu Kananga. Tangu vita sijui kama anaishi. Siku nitafika, na yeye aniambie eti hakupotea, nitamupiga na ile nyundo." Nilicheka. Yeye hakucheka, na mimi nikaacha.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tulikuwa wawili na maoni mawili. Yeye alisema mwandishi ametukana wasomaji: huwezi kumtembeza mtu vitabu vyote vile umpe samaki chapwa. Mimi nilisema huo ndio mwisho pekee ulio wa kweli, kwa sababu mtu unayemtafuta hakai amesimama akikungoja kama sanamu ya kanisani. Anaishi, anaoa, anasahau alichotumwa. Yeye aliniambia nahukumu kama mchuuzi. Mimi nikamwambia yeye anahukumu kama mwalimu, anatafuta kosa kwa kalamu nyekundu.

Mtaa mzima ukagawanyika hivyohivyo. Waliokataa mwisho wakaitwa Chumvi, waliokubali wakaitwa Samaki. Kwenye kwaya sauti za juu walikuwa Chumvi, sauti nzito walikuwa Samaki, na wakati wa matoleo kila upande ulianza wimbo kwa saa yake. Uchumba mmoja ulikaribia kuvunjika kwa sababu baba wa kijana aliulizwa yeye ni nani kati ya hao, akajibu vibaya. Jirani alikataa kuniuzia chumvi. Nikawa napanda mpaka ng'ambo ya mji kuitafuta. Naye alikataa samaki wangu, akawa anakula sombe, majani ya muhogo, kila siku na uso umekunjamana, akihakikisha nimemwona.

Kulikuwa na mtu wa usalama wa waasi, ambaye wote tulimjua kwa kuwa ndiye pekee aliyevaa koti jeusi saa sita ya jua. Kazi yake ilikuwa kugundua nani anataka kugawanya chama tena. Akaketi kwenye baa, akasikia: huyu ni wa Samaki, yule ni wa Chumvi. Samaki wanaongozwa na mwanamke, bibi ya prof wa Kasai, vitu vyake vinatoka ziwani. Chumvi wana depo, yaani ghala. Maskini, ilikuwa kama Mungu amemjibu.

Walikuja na pick-up asubuhi. Wakanichukua mimi, mume wangu, jirani, na kitabu cha mwisho kama ushahidi. Jirani alikataa kupanda bila kiti chake. Askari walibishana naye, wakashindwa, wakakipandisha. Akasafiri kutoka Butembo mpaka Beni ameketi kwenye kiti chenye mgongo juu ya pick-up, kama askofu, na watu wa barabarani walimpungia mkono.

Ofisi ya komanda ilikuwa kwenye depo ya zamani ya kahawa. Komanda alikuwa mtu mnene wa mkoa wa mbali, Kiswahili chake kimejaa Lingala. Naibu wake alikuwa mwembamba, mpole, amesimama nyuma.

"Prezida wa Samaki ni nani?"

"Hakuna prezida, Afande," nikasema.

"Branche ya chama bila prezida? Munanichezea?"

Jirani akainua mkono. "Afande, Chumvi pia hatuna. Mais kama munataka, mimi naweza."

Mume wangu akaona sasa tutakufa kwa ujinga. Akasema, kwa sauti yake ya darasani: "Afande, ni maneno ya kitabu." Akaeleza. Komanda hakuamini hata neno moja. Kama ni kitabu, akasema, tumsimulie chote, kutoka mwanzo. Tukijikanyaga atajua tunasema uongo.

Tukaanza. Mume wangu anasimulia, mimi namkumbusha, jirani anaigiza pepo la mtoni. Mara ya kwanza komanda alituuliza maswali ya mtego. Kisha akaacha mitego akauliza maswali ya kweli: yule mfalme kipofu, nani alimpofusha? Akaagiza chai. Akaagiza makemba, zile ndizi kubwa, za kuchoma. Askari wa zamu waliacha mlango, wakasogea dirishani. Jua lilipozama tulikuwa tumefika kwenye nyuki wa chuma tu, akaamuru tulale hapohapo kati ya magunia, na asubuhi akatuita kabla hajanyoa ndevu.

Tulimkuta naibu na kitabu mkononi. Alikuwa amekifungua kama Mkristo yeyote anavyofungua kitabu, kutoka kushoto. "Mimi nimekiona," akasema. "Kinaanza muzuri. Bandugu babili bako banakula samaki. Kisha mumoja analia. Kisha bantu banapigana, nyumba zinaungua, na mwisho mutu anabaki peke yake ku njia."

Mume wangu aliinua kidole amsahihishe. Akakishusha. Jirani akasema pole pole, si kwa yeyote: "Ile sasa tunaijua."

Tukamaliza hadithi kabla ya saa sita. Tulipofika kwenye samaki komanda akasimama.

"Na chumvi?"

"Hakuna, Afande."

"Chumvi iko wapi? Miaka yote ile!"

Naibu, ambaye sasa alikuwa amefahamishwa upande wa kusomea, akasema kwa upole: "Afande, bamepatana. Amani iko."

"Amani bila chumvi ni amani gani?"

Askari dirishani wakaanza kunung'unika, wengine huku, wengine kule. Mmoja alimsukuma mwenzake. Mtu wa koti jeusi aliandika majina ya pande zote mbili haraka haraka, mpaka komanda akamgeukia: "Na wewe, uko wa nani?" Jamaa akafunga kalamu yake.

Ndipo komanda akamnyooshea mume wangu kidole. "Prof. Andika mwisho ingine. Leo. Yenye chumvi."

Nilishukuru Mungu. Nikajua tunarudi nyumbani, maana hakuna mtu Butembo nzima aliyeuchukia ule mwisho kama mume wangu. Lakini yeye akasimama, na suruali yake iliyojaa vumbi la kahawa, akasema: "Mwisho hii ni mubaya, Afande. Nitaikataa mpaka nikufe. Mais ni ya ule mwenye alichora. Siwezi kuigusa."

"Utalala cachot, umefungwa."

"Nitalala."

Nilimtazama. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema: "Afande, mimi nitatoa ule mwisho."

Nikatoa. Nikasema: yule mkubwa anamwangalia ndugu yake, anaanza kucheka. "Nilikuwa nakujaribu," anasema. Anaingia ndani, anatoka na mfuko wa chumvi, uleule aliotumwa, kamba yake haijafunguliwa. "Nilinunua siku ileile," anasema. "Vita vikanifungia njia. Sikutaka kuifungua bila wewe." Wanafungua pamoja, wanatia kwenye samaki.

Komanda aligeuka akaangalia ukuta muda mrefu. Askari wakapiga makofi. Jirani akalia kwa sauti: "Nilijua! Mimi nilijua!" Tukaachiliwa, tukapewa mkungu wa ndizi, na kitabu kikabaki kwa uchunguzi.

Tulipanda lori la kurudi Butembo. Mume wangu alikung'uta vumbi la kahawa kwenye suruali. Mji ulipoanza kuonekana akasema: "Umeharibu vitabu vyote."

"Nimekutoa cachot."

"Ndiyo. Na umeviharibu."

Yote mawili yalikuwa kweli. Mwisho wangu ulikuwa mtamu, ukanyamazisha kila mtu palepale. Ule wa Mjapani ulituacha tukila sombe kwa hasira majuma mazima. Sijui wengine wanapimaje vitabu. Mimi tangu siku ile napima hivyo: hadithi ikiisha, je, watu bado wana la kugombania?

Jirani aliutangaza mwisho mpya mpaka sokoni, akiapa ulitoka Beni na muhuri wa komanda. Hakuna aliyebaki Samaki, hakuna aliyebaki Chumvi. Kwaya ikaimba pamoja. Wale wachumba wakafunga ndoa. Jirani akaniuzia chumvi, akaniongezea kiganja kimoja. Na Jumapili hakuna aliyekuja tena uani.

Chama cha komanda kikagawanyika kabla ya mvua kwisha. Yeye akaenda na askari wake, naibu na wake. Siwezi kusema ni kwa ajili ya kitabu. Watu waliokimbia kutoka Mbau, upande wa Beni, na magodoro kichwani, walituambia risasi zilikuwa za kweli, na hatukuwauliza zaidi. Tuliwapa mahali pa kulala.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulipofika, mume wangu aliwapa wanafunzi insha: Je, mwandishi ana deni kwa msomaji wake? Akaja na karatasi nyumbani, akaketi jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na mwanga, akaanza kunisomea kwa hasira. Karibu wote walitumia mwisho wangu kama mfano wa mwandishi mwaminifu.

"Sikiliza huyu," akasema. "Eti 'mwandishi mukubwa wa Japani alijua haki ya chumvi'. Sifuri."

"Sifuri kwa nini? Sarufi yake iko muzuri."

"Sarufi! Sasa wewe unaniambia sarufi?"

"Mupe nusu."

"Simupi kitu."

Maharage yakafurika motoni, nikainuka kuyafunua, na yeye akachukua karatasi nyingine, akasoma mstari wa kwanza, akashika kichwa.