Pompi Chini ya Ubao wa Godelive

Watu wa Ngezi, mtaa wa Bunia, walizoea kupita kando ya mutumbwi wa muzee Anaclet kama wanavyopita kando ya gari lililokufa. Ulilala uani juu ya mipira mizee ya gari, umefunikwa na bashi la buluu, turubai lilelile lililokuwa tanga lake. Kuku walitagia ndani. Ziwa lilikuwa mbali, huko chini ukishapita Bogoro, na hakuna aliyeuliza tena mutumbwi unatafuta nini katikati ya mji.

Anaclet aliupandisha na lori la samaki wakati mke wake Godelive alipoanza kuugua. Mutumbwi ukiachwa kando ya ziwa bila mwenyewe, watu wanaupasua kuni. Alifikiri: mama akipona, tutaushusha. Godelive hakupona. Watu walikuja kwenye kilio, wakaimba, wakala, wakarudi kwao. Mutumbwi ukabaki.

Sasa Honoré, mwenye kununua samaki kule Kasenyi kando ya ziwa, alikuwa anautaka. Na Léonie, binti wa Anaclet, aliyeuza vitenge sokoni, alikuwa karibu kumkubalia.

— Baba, huu mutumbwi unaingiza maji tangu miye mutoto, alisema. Mama ndiye alikuwa anachota. Sasa nani atachota?

— Miye.

— Na kafi atashika nani? Na kamba ya tanga?

Mutoto alisema kweli.

Miaka yote ilikuwa hivi: yeye anakaa mwisho kabisa, mkono mmoja kwenye kafi, mwingine kwenye kamba. Godelive anakaa mbele yake, juu ya kaubao kadogo, uso kwa uso na mume wake, na nusu ya bidoni ya manjano, dumu lililokatwa, mkononi. Maji yanaingia kwenye viungo vya mbao, yanakuja chini ya miguu yake, anayachota, anayamwaga. Chwaa. Chwaa. Na huku anaongea. Anaongea habari za kanisa, za wakwe, za mwanamuke wa Bogoro aliyemuuzia mahindi yenye wadudu. Anaongea namna Anaclet anavyokoroma. Upepo ukizidi, ananyamaza, lakini mkono hausimami. Anaclet alijua upepo mubaya kwa kule kunyamaza kwake, kabla hajauona kwenye maji.

Mutumbwi ukienda kwa Honoré, angekata mti wa tanga, afunge motere. Kaubao kangekuwa kuni ya kuchomea samaki. Hilo Anaclet hakulisema kwa mutu.

Aliyeleta shauri ni Hubert, jirani, fundi wa pikipiki. Siku moja alikuja na kitu cheusi cha mviringo, kimefanana na kopo ya tomati.

— Papa Anaclet, hii ni pompi. Inakula betri ya moto, ile ya pikipiki. Unaiweka chini ndani ya mutumbwi, inakunywa maji, inayatema inje kwa tiyo, huu mupira murefu. Weye unashika kafi yako tu.

Anaclet akaigeuza mikononi.

— Inaongea?

— Inaongea nini? Ni pompi, papa.

— Basi haitanisumbua.

Léonie alipoiona alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu baba yake hakucheka.

— Sawa, akasema. Tutashuka ziwani, na Honoré awepo. Kama pompi inatoa maji weye ukiwa peke yako, mutumbwi ni yako, sisemi tena. Kama haitoi, siku ileile Honoré anaubeba. Sitaki kukutafuta mu maji, baba. Nimeshazika mumoja.

— Siku ileile, Anaclet akakubali.

Kazi ilianza. Aliwahamisha kuku, wakagomba. Alikwangua mbao, akaziba viungo kwa pamba na gudroni, ile lami nyeusi, polepole, kama mutu anayemuosha mugonjwa. Harufu ya gudroni ilijaa uani, na majirani wakaanza kusimama.

— Muzee! mumoja akapaza sauti kutoka barabarani. Mungu amekuambia nini ambayo hakutuambia siye? Mvua ya Noa inakuja?

— Inakuja, Anaclet akajibu bila kuinua kichwa. Na weye nitakuacha inje.

Hubert akaja na vyombo vyake.

— Sasa nionyeshe. Pompi inawekwa pale maji inakusanyikia.

Anaclet hakufikiri. Mkono wake ulienda wenyewe, ukagusa chini ya ubao wa Godelive.

— Hapa.

— Kweli?

— Nilimuona akichota hapa maisha yangu yote.

Ili kufika pale, ilibidi kung'oa ubao. Katikati ulikuwa laini, umeng'aa kwa kukaliwa. Misumari ilitoka kwa shida, ikilia. Hubert alifunga pompi kwa visi, misumari ya kuzungusha, akapandisha tiyo, akasema ubao hautarudi tena, kwa sababu tiyo imechukua nafasi yake. Anaclet aliubeba ubao akauegemeza kwenye ukuta wa jikoni. Alijiambia si kitu. Kazi ya Godelive imebaki pahali pake. Hata moyo wake ulitulia kidogo.

Kisha likaja tundu la kutolea maji. Hubert alilipima juu, karibu na mdomo wa mutumbwi.

— Mutumbwi wa tanga unalalia upande, si ndiyo? Tukitoboa chini, ziwa litaingia kwa mulango wetu wenyewe.

Shine ya kutobolea ilipoanza kula mbao, Anaclet alifunga macho. Tangu anunue huu mutumbwi alikuwa anaziba matundu. Leo alishika ubavu wa mutumbwi kwa mikono miwili ili utobolewe.

Walijaribu palepale. Mwisho wa mutumbwi waliushusha chini kidogo juu ya mipira, jinsi Anaclet alivyokumbuka ukielea. Wakamwaga ndoo za maji. Maji yakakimbilia kwenye pompi, Hubert akabonyeza kifungo, pompi ikanguruma na kutema maji hadi kwenye kuku. Majirani wakapiga makofi. Anaclet alienda nyuma ya jikoni, akakaa huko kidogo, akarudi.

Siku ya kushuka, ubao ulikuwa bado umeegemea ukuta. Léonie alikuwa ameshapanda lori. Anaclet akauchukua, akauweka ndani ya mutumbwi, pamoja na ile nusu ya bidoni.

— Ya kazi gani hiyo? Léonie akauliza.

— Inasafiri.

Walipita Bogoro, na Anaclet alitazama upande wa wauza mahindi, ingawa yule wa wadudu hakuwepo tena. Mbele kidogo barabara ikafika ukingoni, ziwa likatokea chini ghafla, jeupe, bila mwisho. Pale Godelive alikuwa anasema kila mara: «Liko.» Kana kwamba siku moja wangeweza kufika na kulikosa.

— Liko, akasema Léonie, akiwa amejisahau.

Wote wawili wakatazama pembeni.

Kasenyi, Honoré alikuwa anawangoja. Mutu munene, musafi, viatu vyake mkononi kwa ajili ya mchanga. Aligonga mbao kwa vidole kama anayechagua papai.

— Papa Anaclet, miye sina haraka. Nenda, uzunguke, urudi.

Anaclet akasukuma mutumbwi, akapanda, akafungua tanga. Upepo ulikuwa muzuri, ule wa kuamusha mutu taratibu. Bashi likajaa, mutumbwi ukainama upande, ukaenda. Kwa muda alisahau kila kitu. Mkono ulikumbuka kafi, mgongo ulikumbuka mawimbi.

Kisha akasikia maji. Mbao zilizokaa kavu siku nyingi juani hunywa kabla hazijavimba, na maji yaliingia kwa wingi. Akabonyeza kifungo. Pompi ikanguruma, ikakohoa, haikutoa hata tone. Akatazama chini: pompi ilikuwa kavu. Maji yote yalikuwa katikati, chini ya mti wa tanga, yakicheza huku na huku kama hayamujui. Hakuweza kuacha kafi kwenda kuyachota. Akageuza mutumbwi, akarudi.

Alishuka, suruali imelowa hadi magotini. Nyuma yake pompi ilikuwa bado inanguruma peke yake. Alikuwa amesahau kuizima.

— Pompi ya Bunia inakunywa hewa, akasema Honoré, wala hakusema kwa ubaya.

— Baba, umejaribu, akasema Léonie. Inatosha sasa.

Anaclet akatikisa kichwa kukubali. Neno lilikuwa neno.

— Nitoe vitu ya mama kwanza, akasema Léonie.

Huyu Léonie aliogopa maji tangu utoto. Alikuwa anatapika mutumbwi ukiwa bado umefungwa. Lakini alikunja kitenge chake, akaingia, akashika ubao na bidoni. Wimbi dogo likapita. Mutumbwi ukayumba, akautupa ubao chini na kuukalia palepale, mwisho wa mutumbwi, macho amefunga, mikono imeng'ang'ania pande zote mbili.

Anaclet alikuwa ameegemea mwisho ule ili usiyumbe, na kwa uzito wa watu wawili mutumbwi ukakaa chini upande ule. Maji yaliyokuwa katikati yakateremka, yakapita chini ya ubao, yakafika miguuni pake. Pompi ikakohoa mara moja, ikakamata, ikatema maji kwa nguvu, moja kwa moja kwenye suruali ya Honoré.

— Aa! akaruka Honoré. Sasa hii inatoa ao haitoi?

— Maji iko kwa suruali yako, unaniuliza miye? akajibu Léonie, macho bado amefunga.

Anaclet hakucheka. Alikuwa anatazama maji. Alitazama namna yalivyomfuata binti yake, na namna alivyokaa, magoti pamoja, kichwa kimeinama upande, sawasawa na yule mwingine. Miaka yote alidhani maji ya mutumbwi wake yanapenda kwenda pale, na kwamba Godelive alikaa pale kwa sababu ya maji.

— Si maji, akasema.

— Nini, baba?

— Maji haikuwa na pahali pake. Ilikuwa inamufuata mama yako.

Léonie akafungua macho. Akatazama miguu yake, kisha pompi, kisha baba yake. Ilimchukua muda.

— Basi nitakuwa nakuja, akasema polepole. Nitakaa hapa.

— Weye? Utajaza mutumbwi kwa matapishi, pompi itakufa.

Hapo wakacheka, wote wawili, na Léonie akapangusa uso kwa pindo la kitenge.

Honoré alikuwa anakamua suruali yake.

— Léonie, tulisema akiwa peke yake.

— Tulisema leo, akajibu Léonie. Leo haijaisha. Ungoje.

Anaclet akamushusha Léonie, akaomba bisibisi kwa watengenezaji wa motere pale kando. Akapiga magoti ndani ya mutumbwi, akafungua visi kimoja kimoja. Akaipeleka pompi mbele, chini ya mti wa tanga, akaifunga pale. Hubert alikuwa ameacha tiyo ndefu, na ilifika. Kisha akaurudisha ubao kwenye matundu yake ya zamani, akaupigilia kwa jiwe. Akaweka nusu ya bidoni juu yake.

Akasukuma tena. Tanga likajaa. Maji yakaingia, yakakusanyika katikati, pompi ikayakamata, yakaruka inje yakimeta kwenye jua. Honoré alitazama mpaka mwisho, kisha akavaa viatu vyake, mchanga na vyote, akaenda zake.

Mbele ya Anaclet ubao ulikuwa mutupu. Chini yake palikuwa pakavu. Miaka ile yote Godelive alikaa miguu ndani ya maji, na hata siku moja hakulalamika juu ya hilo, yeye aliyelalamika juu ya mahindi na kukoroma. Leo angekaa miguu mikavu. Angeweza kuongea bila kusimama.

— Baba! Léonie aliita kutoka ufukoni, mikono mdomoni. Usiende mbali!

Anaclet akainua mkono kuonyesha amesikia. Akaangalia ubao kidogo, akavuta kamba, akaenda mbali.