Kopo la Moshi Kwenye Landrova ya Parokia

Nyie, mimi nimeona gari na mtoto mchanga wakikata pumzi siku moja, barabara moja, kwa ugonjwa mmoja.

Usicheke kwanza. Soma.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1977. Naitwa Verdiana, wa Kibaoni. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, Makarius. Hajamaliza hata mwezi, kifua kikaanza kumbana. Akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani, mpaka unaogopa kumwangalia.

Mume wangu alikuwa Tabora. Kwa hiyo amri zote za nyumba zilikuwa za mama mkwe, Mama Generosa. Mwanamke wa jembe, wa rozari, na wa neno moja. Akishasema, imetoka hiyo.

Paroko akatoa Landrova itupeleke hospitali Mpanda. Dereva alikuwa Kasimiri, rafiki wa mume wangu.

Sasa, anayeijua njia ile anajua: ukiingia pori la Katavi, mbung'o. Wanakuuma juu ya shati hivyo hivyo. Dawa yetu ilikuwa kopo lililotobolewa. Unaweka mavi makavu ya tembo, unayatia moto yafuke moshi, unaning'iniza nyuma ya gari.

Mama mkwe akakataa likae nyuma.

"Kasimiri, hilo kopo lete mbele, moshi uingie kwa mtoto. Unataka mjukuu wangu apate malale?"

"Mama, huwa naliweka nyuma."

"Huwa unabeba mahindi. Leo umebeba mtu."

Kasimiri akalifunga kwa waya kwenye bomba la hewa, lile linalopanda pembeni ya kioo cha mbele upande wa abiria, ambapo injini inavutia hewa juu ya vumbi.

Tukaingia porini. Vioo tumepandisha, joto la kuivisha viazi, moshi unapenya kila upenyo. Nimebanwa katikati, Kasimiri huku, mama mkwe kule, mwanangu anakoroma mapajani.

Mara gari likaanza kukohoa. Likazima.

Kasimiri akashuka, akafungua boneti huku anajipiga makofi ya mbung'o. Petroli ipo. Plagi nyeusi tii, zimejaa masizi. Akazisugua, gari likawaka, tukasogea kidogo, likazima tena.

Na kila tukisimama, mbung'o wanaongezeka. Wakiongezeka, mama mkwe anashusha kioo, anatia mavi mengine kwenye kopo.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kundi la nyati, wanatutazama. Kushuka kukimbia huwezi. Kubaki nako ni kungoja mtoto afe.

Nilitamani kupiga kelele. Tangu nijifungue nilikuwa nimefungiwa chumba kisicho na dirisha, moto unawaka usiku na mchana ili mtoto asipigwe na baridi. Ndivyo mzazi alivyolelewa kwetu. Sasa nimetolewa chumba kile nikaingizwa hiki, tofauti yake ni magurudumu tu.

Tukasukumana hivyo hivyo mpaka moto wa kopo ukafifia wenyewe. Ajabu! Gari likapata nguvu. Na Makarius naye akatulia, mbavu zikapunguza kuingia.

"Simamisha," mama mkwe akasema. "Kopo limezimika."

Akalijaza. Hatukufika mbali. Gari likaanza kukohoa, na midomo ya mwanangu ikawa ya bluu.

Hapo akili ikanifunguka.

"Shemeji, hivi gari linavutia hewa wapi?"

Kasimiri akanyoosha kidole kwenye bomba. Kidole kikaganda pale pale, juu ya kopo.

"Mama yangu!" akasema.

"Asiguse mtu hilo kopo!" Mama mkwe akanishika mkono.

Enzi zile mkamwana hata macho hamwinulii mama mkwe. Nikampakatisha yeye mtoto, nikasema, "Nisamehe mama," nikajipenyeza mbele ya magoti yake nikashuka. Nikaung'oa ule waya, vidole vikaungua, nikalitupa kopo na kulifukia kwa mchanga. Mbung'o wakaniandama mgongo mzima.

Kasimiri akafungua chujio la hewa. Majivu na makapi ya nyasi, mafuta yake ya kunasia vumbi yamekuwa uji. Akalitoa lote.

"Injini itakula vumbi, lakini itapumua."

Tukashusha vioo. Mbung'o walikula karamu, sitaki kudanganya. Nikamfunika Makarius kwa khanga nyepesi, na Landrova ikanguruma mpaka nyati wakatawanyika. Mbele kidogo mwanangu akalia. Kilio chenye sauti! Nililia naye.

Hospitali sista akampima, akauliza mtoto analala wapi. Nikamweleza.

"Moshi umemuumiza kifua," akasema. "Mkirudi, msimlaze tena chumba chenye moto."

Nilikuwa na maneno yangu tayari ya kumtupia mama mkwe. Nimeyapanga njia nzima, makali kweli kweli.

Yeye akamshika sista mkono.

"Sista. Mimi kabla ya baba yake huyu nilizaa wengine wawili. Walikufa kwa kifua, chumba kile kile. Nilikuwa nachochea moto, nalia, naongeza kuni. Nao ni moshi uliowaua?"

Sista akainamisha uso.

Mama Generosa akakaa chini sakafuni, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akikaa chini mbele ya mtu. Maneno yangu yote yakanifia mdomoni. Nikakaa pembeni yake, nikamwekea Makarius mapajani.

Makarius alipona. Leo ana wajukuu.

Wewe unayesoma, mzazi akikosea mwambie, tena mapema, maana ukinyamaza mtu atakufa. Ila mwambie taratibu. Hujui amezika wangapi akidhani anawaokoa.