Muzigo ya Chukudu Haisemake

Hapana, mbuzi haikukufa. Andika ile kwanza, juu najua utaniuliza. Ilipatikana kisha siku tatu mu shamba ya viazi ya katekista, inakula tu, inanenepa, kamba ingali ku shingo. Mwenye alikonda ni mimi.

Bon. Wewe mujukuu wangu unaogopa kupanda chukudu hata ya kuteremuka tu mpaka ku soko. Nilikuona jana umeshika muti ya jirani kama mutu mwenye mafuriko inamubeba. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, juu nilikumbuka yangu. Basi nitakuambia mambo yenye mutu mwoga anapaswa kujua. Mimi hakuna mwenye alinifundisha. Masomo sikuyaonaka, hii moja nilijifunza na matako.

Ujue kwanza kama chukudu haina kiti. Ni mbao, na magurudumu mbili ya mbao yenye kuvalishwa mupira, na mapembe mbele kama ya ngombe. Mwenye kuendesha anasimama nyuma. Kati kati ni nafasi ya viazi. Ukipanda pale, na wewe ni kiazi. Kubali tu.

Ilikuwa wakati ya vita, ile ya pili. Bafanyabiashara ya Butembo balikuwa banaficha motokari nyuma ya nyumba, banatoa magurudumu banayaweka chini ya kitanda, juu basoda, ndiyo askari, bakiona gari yenye kutembea, ni ya kwao. Na kaka yangu alikuwa anaozesha binti yake kule Butembo. Bakwe balikuwa batu ya Kasugho, na kijana yao alikuwa anauzisha mafuta ya mawese Beni. Mara mbili tulipanga siku, mara mbili risasi zikalia, kila mutu akabaki kwao. Ile ilikuwa mara ya tatu. Binti alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake mu kikapo mpaka kikapo kikaanza kuoza.

Na kwetu Banande, binti hatoke mu nyumba ya baba yake kama songali haiko. Songali ni dada ya baba. Ni mimi. Iko mbuzi yake, inaitwa mbuzi ya songali, na ni yeye mwenyewe anashika kamba mbele ya batu yote. Akishika kamba, mulango inafunguliwa, binti anatoka na bwana yake. Asiposhika, binti anabaki ndani. Hata padri abariki mpaka mate imukaukie.

Donc, ona mutu mwenye balikuwa banangojea.

Juma muzima hapa Musienene nilikuwa najisifu. Niliinua kidole hivi, nikatengeneza sauti ya muke ya shefu: «Miye nitatembea na miguu! Jogoo akiwika, niko mu njia. Jua ikifika ku kichwa, niko nakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa kaka.» Jogoo akawika. Na risasi mbili nazo zikawika, kule juu ya kilima. Songali munene, mwenye kuchagua mbuzi na kukataa mbuzi, akaingia mu choo na akabaki mule mpaka jua ikapanda.

Kutoka, miguu haingefika tena. Jirani yangu alikuwa anafunga magunia ya viazi ku chukudu yake, anapeleka Butembo. Mwanaume mwembamba, sauti inatokea mu pua. Nikamuambia: «Baba, unibebe.» Akaniangalia kuanzia kitambaa ya kichwa mpaka ku vidole vya miguu, sawa mutu anapima gunia.

«Mama, magunia mbili nabeba, natoa moja juu yako. Mais sikia.» Hapa anavuta pua. «Muzigo haisemake. Viazi havijaniambiaka hata siku moja namna ya kukata kona.»

Nikapanda. Hapana kufanya kama mimi, kitenge yako uifunge katikati ya miguu mbele ya kupanda. Mimi yangu ilikuwa wazi, upepo ikaingia, nikawa bendera. Na hapana kushika mapembe. Mapembe ni ya mwenye chukudu, wewe shika kamba ya gunia. Kinywa ifungwe, juu ya wadudu. Mimi nilikula wawili kwa kilima ya kwanza, na ya tatu niliionja.

Ku mupando ni salama, unashuka unasukuma kama mutu yote. Ku muteremuko ndiyo mambo. Yeye anaweka muguu moja ku ile kipande ya mupira nyuma, ndiyo freni. Muguu, basi! Hakuna kingine. Nikasema polepole: «Baba, freni.» Kimya. «Baba, mutoto ya batu.» Kimya. «Baba, nitakuombea rozari.» Yeye na pua yake: «Muzigo haisemake!» Na chukudu inalia nyiii, nyiii, miti ya eukaliptusi inapita kama batu banakimbizana.

Sasa mimi najua kuiga sauti ya kila mutu. Ya padri, ya mama ya soko mwenye meno mbili, ya basoda ya barrière, kule banafunga njia, na Lingala yao. Nikajiambia: huyu hasikie mama, hasikie Mungu, mais soda atasikia. Nikavuta pumzi, nikaitoa mu tumbo: «TELEMA WANA!» Ndiyo simama pale, kwa Lingala.

Alisikia. Alisikia muzuri sana, akaruka, akaingia mu eukaliptusi. Na chukudu ikaendelea.

Na mimi juu yake.

Andika hii kwa nguvu: mutu mwenye anakuendesha, hapana kumutisha. Nilikuwa peke yangu ku viazi, nikashika mapembe yenye nilikatazwa. Kisha kona, naona mbele batu yenye mbuzi. Nao balisikia ile sauti. Balikuwa bamekwisha kuachilia kamba, banaingia mu pori kichwa mbele, muzee moja kofia yake ya manyoya inabaki juu ya mwiba. Nikapita katikati ya mbuzi, vuuu. Hakuna mutu aliniona. Mbuzi moja tu, nyeupe, sikio nyeusi, iliniangalia kama mutu anajua familia yangu. Kisha nayo ikakimbia. Mimi nikasimamia mu mufereji, matope mpaka ku masikio.

Jirani akatoka mu miti. «Mama, ulisikia basoda?»

«Nilisikia, baba. Ni Mungu tu alitulinda.»

Tukafika kwa kaka mbele ya bakwe. Banamuke bakanisafisha matope, bakaniweka ku kiti ya songali. Jirani naye akapewa kasiksi. Mukaka ya bwana-arusi alikuwa pale, ndiyo nyanya yake, baliletaka yeye tangu juzi. Aliketi ku kiti, kikombe mu mukono.

Jua ikapita kichwa. Bakwe bakafika. Mbele yao, muzee moja na kofia ya manyoya yenye kupasuka. Ile kofia niliiona ku mwiba.

«Batu ya Butembo, mutusamehe,» muzee akasema, sauti ya mutu mwenye kusoma Somo ya Pili. «Basoda bametushambulia.»

«Bangapi?» kaka akauliza.

«Kumi!»

«Kumi na tano!» mwingine akaongeza nyuma. «Na mukubwa yao, sauti kama radi!»

Nikajitengeneza ku kiti. Mu vita yote ile hakuna mutu alinisifu vile.

Kisha bakaleta mbuzi, zote balizokusanya mu pori. Moja haiko. Ile nyeupe ya sikio nyeusi. Ndiyo ilikuwa mbuzi ya songali.

Kaka yangu akakohoa. Yeye anasemaka kama mutu anatembea na viatu vipya. «Dada yangu atashika nini? Upepo? Batu batasema tulitoa binti kama kuku ya kuokota. Hatoke.»

«Basi tutarudia Kasugho tulete ingine,» muzee akasema. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, na vita katikati. Tulijua sisi wote kama habatarudi. Mu tundu ya dirisha niliona jicho ya binti, yenye maji. «Songali,» akasema, «sema kitu.»

Nikafungua kinywa. Najua nilipaswa kusema nini. Nikasema: «Basoda ya siku hizi, kweli, habana heshima.»

Jicho ikatoka ku dirisha.

Kaka akaanza kuwaza kama bakwe baliuza ile mbuzi mu njia. Akauliza: «Hao basoda balisema namna gani?»

Muzee akajaribu. «Te-le-ma,» kama mutu anaita bata. Yule wa nyuma akasema: «Hapana, muzee. Alisema: telema wana, tafazali.»

Tafazali! Mutoto yangu, nilivumilia wadudu, nilivumilia mufereji, nilivumilia kuona binti ya kaka analia. Ile sikuweza. Soda gani ya kuomba tafazali? Nikasimama.

«Hapana vile! Inatoka mu tumbo! Ni hivi: TELEMA WANA!»

Kiwanja yote ikalala chini. Muzee chini ya meza, kofia ndani ya kasiksi. Kaka yangu, mwenye nyumba, mu kibanda ya kuku. Jirani yangu akaruka lupango, ile uzio ya kiwanja, mara ya pili siku moja. Nikabaki nimesimama peke yangu, mukono ingali juu.

Bakaanza kuinua vichwa, moja moja. Bakaniangalia.

Mukaka peke yake hakulala, juu magoti yake ilikataa kukunjwa tangu zamani. Akamaliza kasiksi yake, akaweka kikombe chini, akasema: «Songali mbuzi yake ameikula mwenyewe mu njia. Mufungue mulango, mutoe binti.»