Ugoro Niliompa Mjukuu Wangu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka ya Kibiti yakajaa sigara za kila rangi, mimi nilitamba kisimani kwamba nyumbani kwangu havuti mtu. Ugoro sikuutia hesabuni. Nilisaga mwenyewe, tumbaku na magadi, na mjukuu wangu wa kike alipoumwa jino nilimpachika kidogo kwenye ufizi, kama mama yangu alivyonifanyia mimi. Maumivu yakakata. Mtoto akaupenda. Alikuwa darasa la sita, na kwa hesabu hakuna mvulana aliyemfikia.

"Mke mwenzangu, unanimalizia kopo," nikamtania.

"Acha uchoyo, bibi. Mwenyewe umebakiwa na meno mawili."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Siku moja watafiti kutoka Dar wakafika shuleni kwao, wakasema kesho watauliza nani anatumia tumbaku, ya kuvuta au ya kubwia, na nani anaumwa meno. Hao watatazamwa na daktari wa meno. Mjukuu wangu akanieleza jioni, uso umemchangamka.

"Ukasimame mbele ya watu, kijiji kizima kijue kwangu kuna mbwia ugoro?" nikamwambia. "Sema hutumii. Sema huumwi."

Akasema hivyo hivyo. Nilimlea akawa mtiifu.

Kumbe ugoro ulilinyamazisha jino tu, haukuliponya. Usaha ulitambaa chini kwa chini hadi kwenye taya. Masika yalipoingia shavu lilivimba kama papai, kinywa hakifunguki hata kwa uji. Tukampakia baiskeli hadi barabarani, tukapata lori, tukafika hospitali. Walimng'oa meno manne na kipande cha mfupa. Daktari akauliza nani alimpa ugoro. Nikasema mimi. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Uso ulikwenda upande. Wenzake walimwita majina, akakataa shule. Nilimbembeleza, nilimtisha, wapi.

Mwaka uliofuata watafiti walirudi. Mimi si mtu wa kuomba radhi, lakini nilikwenda kwa miguu yangu.

"Shikamoo, bibi," kijana mmoja akanipa kiti.

"Marahaba. Andika. Mjukuu wangu alibwia ugoro, nilimpa mimi, na mimi ndiye niliyemwambia awadanganye."

Akafunua karatasi. "Yuko darasa la ngapi?"

"Ameacha."

Akaiweka kalamu mezani. "Pole sana, bibi. Sisi tunaandika wanafunzi tu."